Farasi Aliyekula Hija ya Dada Yangu

Nimekosa. Naliweka hilo mbele kabisa, kabla sijapata nafasi ya kujipunguzia, maana kupunguza ndiyo kazi yangu. Mimi ni dalali. Nanunua na kuuza punda, ng'ombe, baiskeli zilizochoka, vitanda vya marehemu, chochote ambacho mwenyewe ana haraka nacho. Jina langu silitaji. Watu wa Wawi wakisoma hapa wataninusa tu, na najua wameshaanza kucheka. Wacheke. Haki yao.

Kosa langu lina miguu minne. Farasi!

Ndiyo, farasi, hapa hapa Pemba. Nyie mnashangaa leo; mimi nilipaswa nimshangae siku ile, nikashindwa.

Ilikuwa hivi. Afisa mmoja wa Kizungu aliyekuwa akikaa Chake alipata uhamisho, akawa anauza vitu vyake. Nilikwenda kuangalia meza na viti. Nikamkuta farasi amefungwa uani, jike, rangi ya kahawia, shingo imesimama kama bi harusi anayejua anatazamwa. Nikauliza bei kwa mzaha. Akaitaja. Nikacheka, nikataja nusu yake. Akakubali.

Ndugu zangu, mtu akikubali nusu kwa mara ya kwanza, kimbia! Hilo nawafundisha wengine kila siku sokoni. Mimi badala ya kukimbia nikaanza kuomba nyongeza. Nikaomba tandiko, akanipa. Nikaomba hatamu, akanipa. Brashi, ndoo, kamba, vyote nikapewa. Nikatoka pale nikijiona nimemwibia Mzungu mchana kweupe. Nyuma yangu nikamsikia anapiga mluzi. Nikadhani anaficha uchungu wake. Maskini mimi! Yule bwana alikuwa ametua mzigo.

Bei niliihesabu mara mbili, kama kawaida yangu. Mdomo wa yule mnyama sikuuhesabu hata mara moja.

Mke wangu, nitamwita Mize, alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamzunguka farasi mzima mzima. Kisha akaanza.

"Bwana, huyu anatoa maziwa?"

"Hatoi."

"Analima?"

"Halimi, Mize. Huyu si ng'ombe."

"Ataliwa?"

"Haya ni maswali gani? Nani atamla farasi?"

"Basi kazi yake nini?"

"Kupandwa."

"Kwenda wapi? Kutoka hapa mpaka Chake mtu anafika mate hayajamkauka mdomoni."

Nikamwambia huyu si usafiri tu, huyu ni heshima. Wakati huo huo farasi akainua mkia. Mize akatazama lile fungu lililoanguka pale, akanitazama mimi.

"Heshima yenyewe ndiyo hii? Basi kaizoe."

Na nikaizoa! Asubuhi hiyo na kila asubuhi iliyofuata, mimi mwenye kanzu iliyopigwa pasi.

Sasa nisikilizeni nyinyi mnaojiuliza kama kufuga farasi kuna faida. Punda unamwachia, anakwenda zake, anakula anachokiona, anarudi hana kinyongo na mtu. Farasi anangojea. Kabla sijamaliza sala ya alfajiri keshaanza kugonga ubao wa banda, kama mtu anayedai kodi. Majani lazima ukakate wewe, na si majani yoyote: mabichi, laini, yasiyo na umande mwingi. Maji anakunywa mpaka wanawake wa kisimani wananiuliza kama nimefungua hamamu ya kuogea watu. Na ukimpa majani matupu anakonda, mbavu zinatoka, watu wanasema unamtesa. Kwa hiyo pumba, dukani kwa Mhindi, gunia baada ya gunia, mengi ya kukopa. Mhindi yule aliyekuwa haninyanyulii kichwa akawa ananiwekea kiti.

Kiatu chake kimoja cha chuma kikang'oka. Nikampelekea fundi anayetufulia majembe na visu. Akainua ule mguu, akauangalia, akauweka chini taratibu.

"Anavaa viatu yuno?"

"Anavaa."

"Mimi mwenyewe sivai," akasema, akarudi kwenye moto wake.

Na huko kupandwa kwenyewe, ile heshima niliyoinunua! Siku ya kwanza nikapanda kutoka Wawi kwenda mjini. Sijakaa sawa, nikakutana na mzee mmoja. Utamwamkia mtu mzima umemkalia juu kama kunguru? Nikashuka, nikampa mkono, tukaulizana hali, watoto, mgonjwa wa kwao. Nikapanda. Hatua kidogo, shehe wetu huyo. Nikashuka. Nikapanda. Bibi mmoja na mzigo wa kuni, shangazi yake mama. Nikashuka. Yule farasi alinigeukia akanitazama kama anauliza kama tunakwenda au hatwendi. Mwisho nikaona bora nitembee, yeye nimvute kwa kamba. Nikaingia mjini kwa miguu, nimeloa jasho, nyuma yangu heshima yangu inatafuna kofia yangu ya kushonwa kwa mkono niliyoivua kwa joto nikaiweka begani.

Na zama zenyewe hizi za kura, ambapo hata duka la kununulia chumvi lina chama chake! Huku wakinena, "Kaona wakubwa wanapanda farasi na yeye anataka ukubwa." Kule wakinena, "Huyo katumwa." Mmoja akaniuliza uso mkavu, "Farasi wako wa wapi, wa kwetu au wa kwao?" Nikamwambia ni wa Mhindi wa pumba.

Mpaka hapo ni ujinga wangu mwenyewe, na ujinga wa mtu haumpeleki gazetini. Linalonipeleka ni dada yangu.

Dada yangu mkubwa, tuseme Bi Mkasi, anakaa Wingwi. Mjane. Baba alimwachia fungu lake la mikarafuu huko, si mingi, lakini ya kweli. Mumewe alipofariki, kazi ya kumsimamia msimu ikaniangukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye ndugu yake mwanamume aliyebaki. Kutafuta wachumaji, kuwapa posho, kukaa nao mpaka karafuu ziingie kwenye magunia. Kila msimu nilikwenda, na sikumla hata senti. Nasema hivyo mjue kwamba alikuwa na sababu ya kuniamini.

Mwaka ule mikarafuu ilizaa kupita kiasi, matawi yanainama. Bi Mkasi akaweka nia ya kwenda Makka. Majirani zake wanawake wawili walikuwa wanakwenda na waume zao, na mmoja wa hao waume ni mjomba wetu, mahrimu wake, mwanamume anayeruhusiwa kusafiri naye. Nafasi kama hiyo mjane haipati kila mwaka. Akauza mbuzi wake wote kasoro mmoja, akaja mwenyewe Wawi kuniletea posho ya wachumaji.

Akafungua fundo la kanga pale ukumbini.

"Hizi hapa, ndugu yangu. Zihesabu."

Nikazihesabu. Mara mbili.

"Vitumba vimeshaanza wekundu," akasema. "Wachumaji waje mapema. Unajua mwenyewe, zikishafunguka ndiyo basi, zinakuwa mapeta yasiyo na bei, hata kuokota sitaokota."

"Dada, unanifundisha karafuu mimi?"

"Sikufundishi. Nakukumbusha. Kule nje nimeona kitu kirefu kinakula."

"Farasi."

"Nimeona ni farasi. Nauliza anakula nini."

"Majani, dada. Majani tu!"

Astaghfirullah! Nilimwambia majani tu, na Mhindi alikuwa amenitumia salamu siku ile ile kwamba hakuna tena gunia la kukopa.

Mnaona linakokwenda. Sikuiba. Hivyo ndivyo nilivyojisemea: sikuiba, nimeazima kidogo. Nikachukua katika ile posho gunia moja la pumba. Halafu la pili, na deni la nyuma la Mhindi. Halafu mafuta ya kupaka ngozi ya tandiko, maana kulikuwa na harusi Tibirinzi, na harusi hiyo ndiyo ingerudisha kila kitu.

Mwenye harusi alikuwa na duka, mtu wa kutaka kuonekana. Alitaka mwanawe, bwana harusi, aingie kwa bibi harusi juu ya farasi. Alipokuja kuniuliza alisema, "Bwana, tunamtaka farasi wako siku ya harusi, utatufaa." Nikasema karibuni. Moyoni nilishaiandika bei. Kwa mdomo sikuitaja.

Mimi! Dalali! Nisiyeweza kuuza muhogo bila kutaja bei kwanza!

Lakini mtaitaja vipi? Mtu kakwambia ana harusi, kakuita kwa jina zuri, mbele ya baba yake. Hapa kwetu kwenye shughuli watu wanaazimana masufuria, majamvi, taa, hata mke wa mtu anaazimwa kwenda kupika. Nani amewahi kudai kodi ya sufuria? Nililijua hilo tangu nina meno ya utotoni. Nilidhani farasi ni kitu kingine. Watu wa Tibirinzi wakaona farasi ni sufuria refu.

Harusi ilifana, sikatai. Bwana harusi alikuwa anatetemeka, farasi hakutetemeka. Nikasubiri baada ya chakula. Mwenye shughuli akanijia kwa furaha, akanishika mkono kwa mikono miwili, mimi nikakunjua kiganja kidogo kusikia kama kuna noti. Hamna kitu. Akaniambia, "Mola akulipe." Akaniletea sinia la wali peke yangu.

"Na mnyama wako tumemkirimu," akaongeza. "Hakulala njaa kwetu."

Nikatoka mbio uani. Wanawake wa shughuli walikuwa wamemzunguka yule farasi, wanamwimbia. Walikuwa wamemlisha ukoko wa wali wenye samli, mikate ya kumimina, na halua. Halua! Mmoja akaniambia kwa fahari, "Anaipenda, masikini, kamaliza sahani nzima na kitambaa chake."

Hakuna wa kumlaumu. Mgeni kaja kwenye harusi, atapewaje majani? Wamemfanyia heshima. Heshima nyingine hiyo!

Asubuhi yake tumbo lilikuwa ngoma. Amelala chini anajinyoosha, anajigaragaza, anapiga kichwa ukutani. Mtu wa kutibu farasi nitampata wapi? Mganga wa ng'ombe alikuja, akamgonga gonga tumbo, akasema, "Ng'ombe ningemjua." Tukamtembeza. Tukamnywesha mafuta. Tukamtembeza tena. Akilala anakufa, akisimama analia, na mimi namfuata nyuma kama mkunga.

Na huko Wingwi vitumba vilikuwa vinazidi kuwiva.

Wachumaji nilikuwa nimeshawapata, kundi zuri, wanaume kwa wanawake, na walikwisha kwenda kwa dada yangu kuningoja na posho yao. Dada akaniletea salamu kwa dereva wa gari la Wete: wachumaji wamefika, uko wapi? Nikajibu kesho. Kesho yake tena: wanauliza posho. Nikajibu kesho. Ningekwenda na nini? Posho yote ilikuwa tumboni mwa farasi, na farasi alikuwa hataki hata kuitoa!

Nisijitetee sana. Ningeweza kumwacha yule mnyama kwa Mize, nikaenda mikono mitupu, nikawapigia magoti wale wachumaji, nikawaahidi fungu la karafuu badala ya pesa. Watu wanafanya hivyo. Wangekubali. Lakini ningelazimika kumwambia dada yangu posho iko wapi. Kwa hiyo nikakaa Wawi nikampapasa farasi tumbo, nikajiambia ninaokoa mali.

Akapona. Alaa, huyo alipona! Akasimama, akajikung'uta, akaanza kugonga ubao akitaka pumba. Mimi nikajitia akili: nitampanda mpaka Wingwi, nifike haraka. Barabara ile ya mashimo ilitukawiza mpaka punda wawili wakatupita, na mmoja alikuwa amebeba makuti.

Nikaingia kwa dada yangu niko juu ya farasi. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Sikufikiri hata kushuka mlangoni.

Alikuwa amekaa barazani. Wachumaji hawakuwepo, tajiri wa shamba la jirani alikuwa amewapa posho, wamehama. Bi Mkasi na binti yake walichuma kwa mikono yao matawi ya chini mpaka walipochoka. Nyuma ya nyumba mikarafuu ilikuwa imechanua yote. Nyie mnaojua karafuu mnajua ubaya wa uzuri ule. Nyuki wanaimba juu, maua kama mapambo ya harusi, na hakuna la kuanika.

Akasukuma ungo pembeni.

"Umekuja," akasema.

"Dada, farasi aliumwa."

"Kapona?"

"Kapona."

"Alhamdulillahi," akasema. Kisha akainuka, akapaza sauti mpaka majirani wakatoka. "Njooni muone! Njooni muone Makka yangu! Hii hapa, ina mkia!"

Akaniita jina, silirudii hapa. Nilistahili na nyongeza yake. Mjomba alikuwepo, akatazama chini. Nikageuza farasi, na hata kugeuka kwenyewe alikataa, akala kwanza maua ya ua wa dada yangu.

Mwaka ule majirani walikwenda Makka, yeye akabaki na mbuzi mmoja.

Nikamuuza farasi. Kama kuna aliyecheka kidogo mpaka hapa, acheke sasa. Alikuja mtu kutoka Unguja, akataja bei. Nikataja yangu. Akataja nusu ya ile yake ya kwanza. Nikakubali kwa mara ya kwanza! Akaomba tandiko, nikampa. Akaomba nimlipie nauli ya kumvusha, nikalipa. Alipoondoka nilijikuta napiga mluzi, nikaacha.

Zile pesa nikampelekea dada. Hakuzigusa.

"Hizo sizipeleki Makka," akasema. "Zinanuka pumba."

Msimu uliofuata hakuniita. Alimweka shemeji yake, mtu wa kando, amsimamie mikarafuu yake, na ndugu yake wa tumbo moja yuko hai anatembea. Hapa kwetu hilo linasemwa kisimani. Nilikuwa nikipita watu wanakohoa.

Mikarafuu ikazaa tena, shemeji akafanya kazi yake, mahrimu mwingine akapatikana katika watoto wa marehemu kaka yetu wa Micheweni. Na hivi karibuni Bi Mkasi akakamilisha matayarisho ya safari yake.

Mnajua desturi. Anayekwenda Hija hupita nyumba kwa nyumba kutaka radhi, asiondoke na deni la mtu shingoni. Mimi nilijificha. Nilidhani atanipita. Siku moja alasiri nikasikia hodi, na sauti ni yake. Kutoka Wingwi mpaka Wawi, kifua chenyewe kibovu, amekuja.

Akakaa. Mize akaleta kahawa. Dada akasema:

"Ndugu yangu, nimekuja kutaka radhi. Mwaka ule nilikutukana mbele ya watu. Niliipita mipaka. Unisamehe."

Mnajua nilichojibu? Nikavuta kanzu, nikakohoa kama kadhi, nikasema, "Nimekusamehe, dada."

Nimekusamehe! Mimi yeye!

Hakuinuka. Alikunywa ile kahawa polepole mpaka ikaisha, na ilipoisha akazungusha kikombe mkononi. Alikuwa ananingoja. Nilijua ananingoja. Neno nilikuwa nalo, nikaanza kulipima: nikisema nimekosa, nianze na posho au nianze na ile "kesho"? Niseme mbele ya Mize au nimwite pembeni? Nilikuwa napatana bei na nafsi yangu, na yeye amekaa.

"Huna jingine?" akauliza.

"Uniombee dua huko," nikasema.

"Nitakuombea." Akainuka, akafunga kanga yake vizuri, akamuaga Mize, akatoka.

Mlango ulipofungwa Mize alinijia.

"Umemsamehe? Wewe? Wewe ndiye uliyemsamehe?"

Nikaokota kikombe cha dada, nikakipeleka jikoni. Meli imeshaondoka Mombasa na yeye ndani. Huko watu wanakufa, na wengine wanaomba wafie huko huko. Kila nikisikia gari la Wete linapiga honi nadhani limeniletea habari.

Ndiyo maana nayaandika haya hapa, mahali ambapo yeye hasomi, kwa kuwa pale aliponikalia mbele ya uso sikuweza. Siombi mniambie ni sawa. Nimeuza na kununua maisha yangu yote, na radhi ya dada yangu ililetwa mpaka mlangoni kwangu, bei yake neno moja, mwenyewe kaileta kwa miguu yake. Nikaiacha ikaondoka.

Nasikia kuna kijana mmoja huko Wete anamtaka farasi, anauliza wapi atampata kwa bei nzuri. Kijana, bei nzuri ipo, tena utaongezewa na ndoo. Usiulize bei. Uliza kwanza ni nani nyumbani kwako atakayekosa anachokingoja ili huyo apate pumba, kisha mtazame huyo mtu usoni na umwambie kwamba anakosa kwa ajili ya farasi.

Na nyie wengine wenye dada, mama, mke, yeyote mliyemla haki yake mkaita kuazima: msingoje mpaka yeye ndiye aje kutaka radhi kwenu. Nenda leo. Na nenda kwa miguu.